Mbwa wa Nyumbani Akiumia Mguu

Ilikuwa yapata saa kumi na mbili jioni, wakati wa masika, na maji ya ugali yalikuwa ndiyo kwanza yanachemka jikoni. Mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa na umri wa miaka minane, aliingia mbio huku akilia.

"Mama! Mama! Simba anatoka damu!"

Tuliacha mwiko, tukatoka nje. Simba, mbwa wetu, alikuwa amejibanza kwenye kona ya banda la kuku. Alisimama kwa miguu mitatu, na ule wa mbele wa kulia alikuwa ameunyanyua. Matone ya damu yalikuwa yametapakaa kuanzia getini mpaka pale aliposimama. Alikuwa amekanyaga kipande cha chupa kwenye shimo la taka.

Kabla hatujasema neno, mtoto alikuwa amekwisha kupiga magoti na kuushika ule mguu. Simba aliyelelewa naye, aliyecheza naye kila siku baada ya shule, aligeuka ghafla akamrukia kwa meno. Meno yakanasa kwenye mkono wa sweta. Tunamshukuru Mungu kwamba hayakuifikia ngozi.

Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza jioni ile: tulimwacha mtoto atangulie. Kosa la pili tulilifanya kwa mikono yetu wenyewe. Tulichana kanga kuukuu, tukamzungushia mbwa mguuni. Kitambaa kikawa kinateleza. Basi tukachukua kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, ule unaotumika kufungia mizigo, tukaukaza juu ya kanga. Damu ikakatika. Tukanawa mikono, tukarudi kusonga ugali, tukaenda kulala tukijiona tumefanya kazi nzuri.

Asubuhi tulikuta unyayo umevimba karibu mara mbili ya ule mwingine. Vidole vilikuwa baridi, kucha zimeachana, na Simba alikuwa akiutafuna mguu wake mwenyewe. Tulimwita bwana mifugo wa kata. Alikata ule mpira kwa mkasi, akatazama alama iliyoingia kwenye ngozi pande zote, kisha akatugeukia na kusema kwa upole, "Nesi, hivi wodini mnamfunga mgonjwa namna hii?"

Hatukuwa na la kujibu. Miaka mingi tumefunga mikono na miguu ya watu. Mgonjwa akishafungwa bendeji, jambo la kwanza tunalolitazama ni vidole: vina joto? vina rangi yake? vinachezeka? Lakini kwa mbwa tulisahau yote tuliyofundishwa. Jeraha la chupa lilipona bila shida. Kidole kimoja cha pembeni hakikupona, ikabidi kiondolewe. Mpaka leo Simba anakanyagia vidole vitatu katika mguu ule. Chupa haikumpotezea kidole, bali mpira wetu.

Ndiyo maana tumeona tuandike makala haya. Kumfunga mbwa jeraha la mguu si kazi ngumu, na mama yeyote anaweza kuifanya kwa vitu vilivyopo nyumbani. Lakini kuna mambo mawili ambayo hayasameheki yakisahauliwa. Kabla ya kufunga, angalia mdomo wa mbwa. Baada ya kufunga, angalia vidole vyake.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU AKINA MAMA

Huenda dada mmoja akauliza, "Mbwa naye ana huduma ya kwanza? Si mnyama tu wa kulinda nyumba?" Swali hilo tumelisikia mara nyingi tunapotembelea wagonjwa majumbani pamoja na akina mama wa kanisa. Karibu kila geti tunalobisha tunapokewa na mbwa, na si mara moja tumemkuta anachechemea, inzi wamemjaa kwenye kidonda, na hakuna anayemshughulikia.

Tukumbuke kwamba mchana baba yuko kazini, na mbwa akiumia mtu wa karibu ni mama na watoto. Mama asipojua la kufanya, watoto watafanya lao. Watamshika, watambembeleza, watamvuta mguu waone kilichomchoma. Hapo ndipo ajali ya mbwa inapogeuka kuwa ajali ya mtoto. Na zaidi ya hayo, katika Mithali sura ya 12 tunafundishwa kwamba mtu mwenye haki huyajali hata maisha ya mnyama anayemfuga. Mnyama anayetulinda usiku hana mtu mwingine wa kumwendea akiumia.

KWANZA: MTOTO, KISHA MDOMO

Mbwa mwenye maumivu si yule mbwa wenu wa kila siku. Hata aliye mpole kuliko wote anaweza kung'ata, kwa sababu haelewi kwamba mkono unaomgusa unataka kumsaidia. Anachojua ni kwamba ameguswa pale panapouma. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Waondoe watoto. Wapeleke ndani na mlango ufungwe. Mtoto asipewe kazi ya kumshika mbwa, hata kama ndiye rafiki yake mkubwa.

2. Mkaribie mbwa polepole, kwa upande, ukiongea naye kwa sauti ya chini. Usimkodolee macho, usimwinamie kutoka juu, na usimfukuze kuzunguka nyumba. Ukimkimbiza, damu nayo itatoka kwa kasi zaidi.

3. Pata mtu mzima mmoja wa kukusaidia, mtu ambaye mbwa amemzoea.

4. Mfunge mdomo kabla ya kugusa jeraha. Chukua kitambaa kirefu chenye urefu unaozidi kidogo mita moja na upana wa vidole viwili au vitatu. Kipande cha kanga au soksi ndefu ya mwanamke vinafaa. Tengeneza kitanzi kikubwa, ukivishe kwenye mdomo mpaka katikati ya pua, kisha ukivute ili fundo likae juu. Pitisha ncha mbili chini ya kidevu zikipishana, zipeleke nyuma ya masikio, na uzifunge kwa fundo kama la kamba za kiatu, linalofunguka kwa kuvuta mara moja.

Usiache mdomo umefungwa kwa muda mrefu. Sisi tukipata joto tunatokwa jasho mwili mzima, lakini mbwa hujipoza hasa kwa kuhema huku ulimi ukiwa nje. Akifungwa mdomo kwenye jua kali anaweza kuzidiwa na joto. Mfungie kivulini, na mfungue mara kazi inapokwisha. Usimfunge mdomo kabisa mbwa anayetapika, anayehema kwa shida au aliyezimia.

Na hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Kama mbwa si wenu, au kama ni wenu lakini amebadilika tabia, usimguse. Mbwa anayetokwa na udenda mwingi, aliyelegea taya, anayeshambulia watu na vitu bila sababu, anayeyumba au ambaye sauti yake imebadilika, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usijaribu kumfungua mdomo eti huenda amekwamwa na mfupa. Funga watoto ndani, waonye majirani, na mwite bwana mifugo au utoe taarifa kwa uongozi wa mtaa au kijiji.

KUZUIA DAMU

Unyayo wa mbwa hutoa damu nyingi, na kila anapokanyaga damu huanza upya. Usiogope. Mara nyingi inazuilika kwa njia ile ile tunayoitumia kwa binadamu, yaani kugandamiza.

Vaa glavu kama unazo. Mlaze mbwa kwa ubavu, mguu ulioumia ukiwa juu. Weka kitambaa safi kilichokunjwa juu ya jeraha na ukigandamize kwa kiganja dakika tano hadi kumi bila kuchungulia. Wengi wetu hukosea hapa. Tunafunua kila baada ya nusu dakika kutazama kama damu imekata, na kila tunapofunua tunaondoa donge lililokuwa limeanza kuziba mshipa. Kitambaa kikilowa, usikitoe. Ongeza kingine juu yake na uendelee kugandamiza.

Kama damu inaruka kwa mapigo, au haikati baada ya dakika kumi za kugandamiza sawasawa, mshipa mkubwa umekatika. Funga kitambaa kinene juu ya jeraha, endelea kugandamiza kwa mkono, na mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja. Usifunge kamba, waya wala mpira juu ya mguu ili kuzuia damu. Yaliyompata Simba yatutoshe.

KUSAFISHA JERAHA

Damu ikishatulia, safisha. Chemsha maji, yaache yapoe yawe vuguvugu, kisha tia chumvi kijiko kidogo kimoja cha chai, kisichojaa sana, katika nusu lita ya maji. Mimina juu ya jeraha taratibu mpaka mchanga na uchafu utoke. Kwa jeraha linaloanza tu kutulia, mimina kwa upole ili usiamshe damu tena. Kama kuna manyoya marefu kando ya jeraha, yapunguze kwa mkasi wenye ncha butu, ukiwa umefunika jeraha kwa shashi iliyolowa ili manyoya yasidondokee ndani.

Mwiba au kipande kidogo cha kioo kinachoonekana na kilicho juu juu unaweza kukitoa kwa kibanio. Lakini kilichozama ndani kiache kama kilivyo. Zungushia kitambaa kando yake ili kisisukumwe zaidi, na mwache daktari wa mifugo akitoe.

Sasa tuseme wazi vitu ambavyo visitiwe kwenye kidonda cha mbwa, kwa maana tumeviona kwa macho yetu: mafuta ya taa, oili chafu ya gari, unga wa betri, majivu, na unga wa vidonge vya rangi mbili vilivyobaki katika dozi ya mtu mwingine. Baadhi yake huunguza nyama, baadhi ni sumu, na mbwa atavilamba vyote. Hata spiriti na dawa kali za kuua vijidudu zisimiminwe kwenye jeraha bila kuchanganywa na maji. Zinachoma na kuharibu nyama nzima inayotakiwa kuunga.

Wala usimpe mbwa dawa zetu za maumivu. Panadol, aspirini, diklofenaki na ibuprofeni si za kumpa mbwa kwa kukisia. Zinaweza kumdhuru ini, tumbo na figo. Na kama mna paka, mjue kwamba kidonge kimoja tu cha Panadol kinaweza kumuua. Dawa ya maumivu itoke kwa daktari wa mifugo, naye ataipima kwa uzito wa mnyama.

KUFUNGA BENDEJI

Andaa vitu vyote kabla ya kuanza, kwa sababu mbwa hana subira ya kukungoja utafute mkasi. Bendeji nzuri ina tabaka nne.

Tabaka la kwanza ni shashi safi inayokaa juu ya jeraha. Kama huna shashi, tumia kitambaa cha pamba kilichofuliwa, kikakauka juani na kupigwa pasi ya moto. Usiweke pamba ya kawaida moja kwa moja kwenye kidonda, kwani nyuzi zake hunasa na kuuma wakati wa kutoa.

Tabaka la pili ni pamba. Chukua vipande vidogo uviweke katikati ya vidole, kimoja kila nafasi, na kingine chini ya kile kidole kidogo kilichokaa juu upande wa ndani wa mguu. Vidole vya mbwa vikibanwa pamoja bila pamba husuguana, hulowa na kuoza. Kisha zungushia pamba mguu mzima, ukianzia kwenye vidole na kupanda.

Tabaka la tatu ni bendeji yenyewe. Anzia chini kwenye vidole na upande juu, kamwe usianzie juu kushuka. Ukianza juu, unaisukuma damu ibaki kwenye unyayo, na unyayo utavimba. Kila mzunguko ufunike nusu ya mzunguko uliotangulia, na ukazo uwe ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Usivute bendeji kwa nguvu. Ilaze tu ikizunguka mguu. Acha ncha za vidole viwili vya katikati zionekane. Hilo ndilo dirisha lako la kuchungulia.

Usiishie kwenye unyayo. Kosa letu na ile kanga lilianzia hapo. Mguu wa mbwa ni mwembamba, na bendeji fupi huteleza, halafu mtu anaona dawa ni kukaza. Dawa ni kupandisha bendeji ipite kifundo kilicho juu ya unyayo, na itashika yenyewe bila kukazwa.

Tabaka la nne ni la kulinda: bendeji ya kuvutika, au kitambaa kingine safi, kisha plasta juu. Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu bendeji ya kuvutika ukiivuta mpaka mwisho wake inafanya kazi ile ile ya mpira wa baiskeli. Ilegeze kwanza, ndipo uizungushe. Plasta nayo ishike kitambaa na isizunguke ngozi kwa kukaza.

Ukimaliza, jaribu kuingiza vidole vyako viwili kati ya bendeji na mguu kwa juu. Vikiingia kwa kubana kidogo, umefunga vizuri. Visipoingia, fungua na uanze upya, hata kama umechoka na mbwa naye amechoka.

KUANGALIA VIDOLE

Sisi wauguzi tuna msemo wetu kwamba kufunga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kurudi kutazama. Mtazame mbwa baada ya nusu saa, kisha mara kadhaa siku hiyo, na mara ya mwisho kabla ya kulala. Gusa ncha za vile vidole viwili na uzilinganishe na za mguu mzima. Fungua bendeji mara moja ukiona mojawapo ya dalili hizi:

— vidole ni baridi kuliko vya mguu mwingine;
— vidole vimevimba, au kucha zimeachana;
— bendeji imelowa, kwa damu, usaha, mkojo au mvua;
— kuna harufu mbaya;
— bendeji imeteleza na kujikunja sehemu moja;
— mbwa anaitafuna bila kuacha, halali, au anakataa chakula.

Dalili hiyo ya mwisho wengi huichukulia kuwa utundu. Tukiona mbwa anatafuna bendeji, tunamkaripia na kumwongezea plasta. Usiku ule Simba naye alikuwa anatafuna, nasi tulimsikia tukiwa kitandani. Hakuwa mtundu. Alikuwa anatueleza kwa njia pekee aliyo nayo kwamba mguu unakufa.

Bendeji ya huduma ya kwanza si ya kukaa wiki nzima. Kazi yake ni kumfikisha mbwa kwa mtaalamu, na isipite saa 24 bila kufunguliwa na kutazamwa. Kipande cha nailoni unaweza kukifunga juu yake mbwa anapotoka kujisaidia penye matope, lakini kitoe mara anaporudi, maana jasho la unyayo hulowesha bendeji kwa ndani. Mbwa akae banda kavu, asiachiwe kurukaruka, na asiruhusiwe kulamba jeraha. Wapo wanaoamini kwamba mate ya mbwa ni dawa. Mdomo wa mbwa una vijidudu vingi, na ulimi wake unakwaruza. Boksi gumu lililokatwa na kuzungushwa shingoni kama kola pana humzuia vizuri.

MFUPA UKIVUNJIKA

Mbwa wengi hugongwa na pikipiki siku hizi. Kama mguu umepinda, unaning'inia, au mbwa hawezi kabisa kuukanyagia, huenda mfupa umevunjika. Usiunyooshe, usiuvute, na usiufunge vijiti. Kijiti kilichofungwa vibaya huwa mzigo unaoning'inia na kuzidisha pale palipovunjika, hasa mfupa ukiwa umevunjika juu ya kiwiko au juu ya goti.

Kama mfupa umetoka nje, ufunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kwa maji yale ya chumvi, bila kuusukuma urudi ndani. Mtelezeshe mbwa juu ya ubao, mkeka au blanketi, watu wawili wabebe, apelekwe hivyo hivyo. Aliyegongwa na chombo cha moto apelekwe hata kama mguu tu ndio unaoonekana kuumia, kwa sababu anaweza kuwa ameumia kifuani au tumboni.

MTU AKING'ATWA

Tumesema mdomo wa mbwa uangaliwe, na sababu yake kubwa ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Asia, na kwamba karibu watu 40 katika kila 100 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kuanza, ugonjwa huu unazuilika.

Mtu aking'atwa, au hata akikwaruzwa, fanya hivi bila kuchelewa:

1. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Tazama saa, dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Mimina kwa kopo kama hakuna bomba.

2. Usitie pilipili, majivu wala dawa ya kienyeji, na usifunge kwa kukaza.

3. Nenda kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Daktari ataamua kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda. Chanjo ya kichaa hutolewa zaidi ya mara moja kwa siku zilizopangwa. Usiache katikati kwa kuona mtoto ni mzima.

4. Mbwa aliyeng'ata, kama anafahamika, afungiwe na aangaliwe kwa siku 10, na bwana mifugo ajulishwe. Lakini usingoje siku hizo ziishe ndipo umpeleke mtoto hospitali.

Mwaka 1885, mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister aling'atwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa. Mama yake alimpeleka mjini Paris kwa mtaalamu Louis Pasteur, ambaye alikuwa ameitengeneza chanjo lakini alikuwa anaogopa kuitumia kwa binadamu. Mtoto alichanjwa kuanzia tarehe 6 Julai, siku mbili baada ya kung'atwa, na akaishi. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na ndiyo maana tarehe hiyo huadhimishwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ukisikia matangazo ya kuchanja mbwa siku hizo, mpeleke wako. Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka kama bwana mifugo atakavyoelekeza, na kadi yake itunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa huu hukosa njia ya kuenea. Mbwa wako anaweza kuwa mmoja wa hao 70.

KISANDUKU CHA NYUMBANI

Leo kabla ya kulala, tafuta kopo au boksi lenye kifuniko na uweke humo: shashi safi, pamba, bendeji mbili za kawaida na moja ya kuvutika, plasta, mkasi wenye ncha butu, kibanio, glavu, kitambaa kirefu cha kufungia mdomo, pakiti ndogo ya chumvi, na karatasi yenye namba ya simu ya bwana mifugo wa kata yako. Kiweke mahali ambapo watoto hawafiki lakini dada wa kazi anapajua, kwa maana huenda siku hiyo wewe uko sokoni.

Kisha waite watoto uwafundishe jambo moja tu, walirudie mpaka walikariri: mbwa akiumia, usimguse, njoo umwite mama.

Wetu alijifunza. Miezi michache iliyopita Simba alichomwa na mwiba kwenye mguu wa nyuma. Tulikuwa tunaanika nguo, tukamwona mtoto anakuja akitembea, hakimbii, mikono ameiweka nyuma.

"Mama," akasema, "Simba ameumia. Sijamshika. Nilete kile kisanduku?"

Tulimwambia akilete, kisha akae ndani. Tulimfunga Simba mdomo, tukautoa mwiba, tukasafisha, tukafunga. Na usiku ule, kabla ya sala, tulichukua tochi tukaenda bandani kumgusa vidole. Vilikuwa na joto.